Kilomita Kumi na Moja za Lami

Lami ilifika saa nne asubuhi ikiwa bado inafuka moshi. Kiprono akashika reki yake, akaingia nyuma ya mashine ya kutandazia. Kazi ile ina mwendo wake: huinui mguu, unauburuta, maana ukisimama mahali pamoja muda wa kuhesabu kumi tu, soli inaanza kulainika. Kampuni ilitoa jozi moja ya viatu kwa mwaka. Jozi ya Kiprono ilikuwa na miezi saba, na kisigino cha kushoto kilikuwa kimekwisha kabisa, moto ukawa unaingia moja kwa moja hadi kwenye nyama.

Moto alikuwa ameshauzoea. Kilichomkera siku ile ni kwamba barabara waliyokuwa wakiitengeneza haikuwa imeharibika. Juzi yake, mashine ilipokuwa ikikwangua lami ya zamani, aliokota kipande akakigeuzageuza mkononi kama mtu anayekagua viazi sokoni. Kilikuwa kigumu, kokoto zimeshikana, hakuna ufa hata mmoja. Ingekaa miaka minane mingine bila mtu kuigusa. Alimwonyesha fomeni, Mnepali mfupi aliyejifunza maneno kama ishirini ya Kiswahili kutoka kwa Wakenya wa kikosi chake.

"Nzuri," fomeni alisema. "Lakini mwaka yake imefika. Toa."

Hapa Doha kila barabara ilikuwa na mwaka wake kwenye mpango, na mwaka ukifika inavuliwa na kuvikwa upya, iwe imechakaa au haijachakaa. Kiprono aliionea ile barabara wivu wa kubana kifua, kama mtoto anayemtazama mwenzake akinunuliwa viatu vya pili.

Saa tano na nusu walipumzika kwenye kivuli cha basi la kampuni. Philipo, Mganda wa Mbale aliyelala kitanda cha juu yake kule kambini Industrial Area, alimsogezea chupa ya maji. Kiprono alikuwa ameiweka simu sikioni, anasikiliza ujumbe wa sauti kutoka kwa mkewe.

"Baba Cheryl," sauti ya Phyllis ilisema, na nyuma yake mvua ilikuwa ikipiga mabati. "Leo pia maziwa yamerudi. Bodaboda wamekataa kabisa kushuka huku, wanasema pikipiki zinazama mpaka kwa injini. Nimebeba mtungi kwa mgongo mpaka pale mtoni nikaanguka. Usishtuke, ni mkono tu, umevimba kidogo. Bahati nzuri Mutai alipita na ile gari yake kubwa nyeupe, akanibeba mpaka Chemaluk. Lakini lori ya maziwa ilikuwa imeondoka. Mutai ako na roho nzuri, watu humsema bure. Anakusalimia. Anasema kaunti inawaleta huko kwenu mwezi ujao, waone vile barabara hutengenezwa."

Kiprono aliurudia ujumbe mara ya pili. Hakuwa akisikiliza habari za mkono. Alikuwa akisikiliza namna mkewe alivyolitaja lile gari.

"Ni habari mbaya?" Philipo aliuliza.

"Barabara."

"Nyinyi pia? Mi nilifikiri Kenya iko na pesa." Philipo alifungua mkate wake. "Hebu niambie, kwenu nani hulipa barabara? Serikali kubwa ama hiyo kaunti yenu?"

Kiprono aliokota kijiti, akachora kwenye mchanga kama aliyekuwa akimfundisha mtu ofisini. "Kila mtu akinunua lita ya petroli, kuna kitu kinakatwa cha barabara. Hata bodaboda anayezama pale mtoni anakatwa. Inaenda Nairobi, kwenye mfuko. Kaunti inapeleka orodha ya barabara zake. Nairobi ikikubali barabara yako, haikupi pesa yote. Inakupa ya kuanzia, kaunti inaongeza yake, mnajenga. Mkimaliza mnapeleka cheti kwamba kazi imekamilika, na picha. Hapo ndipo Nairobi inaleta ile iliyobaki."

"Na hicho cheti nani anasaini?"

"Mkaguzi wa kaunti."

"Huyo ndiye mwenye barabara basi."

"Nilikuwa mimi," Kiprono alisema.

Philipo aliacha kutafuna. "Sasa mbona uko hapa?"

"Sikusaini."

"Banange!" Philipo alicheka mpaka akakohoa. "Ulikuwa na kalamu mkononi, ukakataa kusaini, ukaja kushika reki!"

Kiprono naye alicheka, kwa sababu alikuwa ameshachoka kueleza. Miaka minne iliyopita alikuwa na diploma ya ujenzi wa barabara, meza, na kandarasi ya mwaka mmoja mmoja katika ofisi ya barabara ya kaunti. Mutai alikuwa kwenye meza iliyofuata. Walisoma chuo kimoja, darasa moja, na michoro mingi ya Mutai ilitoka kwenye daftari la Kiprono, kwa maana Mutai hakuwahi kuelewa jinsi ya kusoma mteremko. Siku moja walitumwa kukagua murram, ile changarawe nyekundu, iliyomwagwa kwenye barabara ya Chemaluk hadi Kiptolel, barabara ya kwao wote wawili. Karatasi ilisema unene wa sentimita kumi na tano. Kiprono alichimba mahali kumi na mbili, akatumbukiza rula ya chuma. Sentimita tano. Nne. Tano. Mahali pengine rula iligonga udongo wa shamba.

Mkubwa wa ofisi alimwita, akampa chai, akamwambia kwa upole, "Hii sahihi si yako, kijana. Ni ya ofisi. Wewe unaibeba tu." Kiprono akairudisha ile karatasi ikiwa tupu. Jumatatu Mutai akaisaini. Juni kandarasi zikaisha, ya Mutai ikageuzwa kuwa kazi ya kudumu, na ya Kiprono ikakaa kwenye faili mpaka alipoacha kwenda kuiulizia.

Mwaka wa kwanza Doha alijiona mtu aliyetendewa uovu, na hilo lilimpa nguvu. Kufika mwaka wa tatu ile nguvu ilikuwa imekwisha. Alipopigiwa simu kuambiwa Mutai amejenga nyumba ya mawe, Mutai amenunua gari, Mutai amefanywa mzee wa kanisa, hakufikiria tena habari ya wizi. Alifikiria kwamba Mutai anaandika kwa kalamu. Anakaa. Anaitwa Injinia.

*

Msafara wa kaunti ulifika Mei, watu saba. Ijumaa, siku ya mapumziko huko, waliletwa Mesaimeer, kwenye makanisa, kukutana na watu wa kwao. Baada ya ibada Wakenya walikusanyika pembeni mwa maegesho, walinzi na madereva na wauguzi na wafanyakazi wa nyumbani, na mheshimiwa waziri wa barabara wa kaunti akasimama mbele yao akiwa na kofia mpya ya jua.

"Nyinyi ni mabalozi wetu," alisema. "Tumezungushwa siku tatu. Tumeona barabara mpaka tukaona aibu. Nawaahidi, haya tuliyoyaona hapa, mtayakuta nyumbani."

Watu wakapiga makofi. Kiprono alipiga pia, mara mbili, huku akimtazama Mutai aliyesimama nyuma ya mheshimiwa ameshika faili. Mutai alikuwa amenenepa shingo. Kucha zake zilikuwa safi. Kiprono aliificha mikono yake mifukoni.

Mutai ndiye aliyemjia, akamsalimu kwa lugha ya kwao. "Kiprono! Chamgei!"

"Chamgei mising, Injinia." Neno lilitoka lenyewe, na alilichukia lilipokuwa bado mdomoni.

Mutai alimkumbatia. Alinukia sabuni ya hoteli. "Uko kampuni gani sasa?"

"Niko upande wa lami."

"Kumbe! Jumatano tulipita kwa basi mahali, tukaona vijana wanatandaza lami kwa ule moto. Mheshimiwa akasema, oneni kazi hiyo. Tulipiga picha hata. Ulikuwa wewe?"

"Tulikuwa sisi."

Mutai alimtazama kwa muda, na Kiprono akaona kitu kikipita usoni mwake, kitu cha mtu aliyekuwa akitafuta funguo kisha akazigusa mfukoni. "Leo jioni twende tule," Mutai alisema. "Mimi na wewe tu."

Walikula samaki wa kuchoma kwenye mkahawa mdogo katika mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, jua likiwa bado halijashuka nyuma ya maghorofa. Mutai aliuliza habari za kambi, akasikitika inavyofaa. Akasema alimbeba Phyllis siku ile ya mvua.

"Alikuwa amelowa, maskini. Anafanya kazi sana huyo mama."

"Aliniambia."

"Mwanamke mzuri sana. Ningekuwa wewe nisingekaa mbali hivi."

Kiprono alichomoa mwiba wa samaki, akauweka ukingoni mwa sahani. "Barabara imefika wapi?"

"Hiyo ndiyo nataka tuongee." Mutai alifuta vidole. "Nairobi walikubali tuiweke lami. Kilomita zote kumi na moja, Chemaluk mpaka Kiptolel. Pesa ya kuanzia ilikuja mwaka jana."

"Lami?" Moyo wa Kiprono uliruka. "Mama Cheryl hajaniambia kuna lami."

"Hajaiona." Mutai alizungusha glasi yake mezani. "Ile pesa ya kwanza iliisha kabla ya mawe."

"Iliisha namna gani?"

"Kiprono, tumekula vizuri. Usianze." Akasogea karibu. "Sikia. Mwaka wa serikali unaisha Juni. Tusipopeleka cheti kabla ya Juni, ile iliyobaki inabaki Nairobi, na kaunti inafungiwa. Hakuna barabara yetu itaingia kwa orodha tena mpaka turudishe ya kwanza. Na turudishe na nini? Kwa hivyo tunakamilisha kwa karatasi sasa. Pesa ikiingia Julai, tunajenga na mawe. Watu wanapata lami yao. Nani ameumia?"

"Hawawezi kuja kuangalia?"

"Watu wa mfuko?" Mutai alitabasamu. "Kutoka Nairobi mpaka Kiptolel? Ofisi ya kule haina mafuta ya gari. Wanaangalia picha."

Mhudumu alikuja kuongeza maji. Wakanyamaza mpaka akaenda.

"Na picha hamna," Kiprono alisema.

"Tungepiga za barabara nyingine ya kaunti, lakini hizo zote zilishatumwa. Mbili zilitumwa mara mbili, wakatuuliza." Mutai alisema hivyo bila haya, kama mtu anayelalamikia mvua. "Lakini wewe uko na lami mpya kila siku. Nipigie picha ishirini. Piga kwa chini, mchanga usionekane. Hakuna gari, maana hapa wanaendesha upande mwingine. Hakuna kibao cha Kiarabu. Na zima ile kitu ya simu inayoandika mahali ulipo."

Nje ya dirisha mtu alikuwa akiosha kipande cha barabara mbele ya duka kwa mpira wa maji, akisugua doa la mafuta.

"Mkaguzi wetu anastaafu Julai," Mutai aliendelea taratibu. "Nafasi ni ya kudumu. Mheshimiwa amesikia jina lako. Nilimwambia, huyu ndiye alikuwa kichwa cha darasa letu. Hiyo ni kweli ama si kweli?"

"Ni kweli."

"Rudi nyumbani, bro. Umekaa jua ya kutosha. Lakini nikikuombea nafasi, lazima nioneshe wewe ni mtu wa kufanya kazi na wengine. Wanakumbuka ile mambo ya rula."

Miaka minne Kiprono alikuwa ameyangoja maneno hayo, kwamba yeye ndiye aliyekuwa kichwa cha darasa, na kwamba yasemwe na Mutai. Sasa yalikuwa yamesemwa, pamoja na mengine yote, juu ya meza yenye mifupa ya samaki. Angeweza kuinuka. Alifikiria kuinuka. Akajiona anarudi kwa basi hadi Industrial Area, anavua viatu mlangoni, anapanda kitandani. Na Mutai naye anarudi nyumbani, anawasha gari jeupe, anashuka nalo mpaka pale mtoni, anasimama na kufungua mlango.

"Ishirini?" aliuliza.

"Ishirini zinatosha."

*

Alizipiga Jumatatu, saa ya mapumziko, kabla roli ya kushindilia haijapita mara ya mwisho. Philipo alimwona amelala kifudifudi ukingoni mwa barabara, akamuuliza kama amezimia.

Kama angekuwa mwizi wa kawaida angezipiga ovyo na kumaliza. Yeye alizipiga kama mkaguzi. Alipiga ukingo ulivyonyooka. Alipiga kiungo cha tandazo la jana na la leo, ambapo ncha ya kisu isingeingia. Alifungua futi ya chuma, akaisimamisha pale ubavuni, ili ionekane wazi kwamba lami ina milimita hamsini kamili na hakuna hata moja iliyopunjwa. Alitaka Mutai aone. Alitaka ajue jinsi kazi inavyokuwa ikifanywa na watu wanaoijua, na alipokuwa akiinama na kuinuka alijikuta ana furaha, furaha aliyokuwa hajaipata tangu aiache ile ofisi.

Alizituma zote ishirini. Mutai akajibu kwa dole gumba, kisha baada ya saa moja: "Safi sana Injinia."

Kiprono alilisoma lile neno la mwisho mara nyingi. Jioni alimpigia Phyllis, akamwambia asimuuze yule ndama waliyekubaliana kumuuza, huenda mambo yakabadilika karibuni.

"Yabadilike vipi?"

"Huenda nikarudi."

Phyllis akacheka kwa sauti ndogo aliyokuwa hajaisikia kwa muda mrefu. "Mutai aliniambia atakusaidia," alisema. "Sikumwamini."

Hata hapo wivu ulimchoma, kwamba mkewe alikuwa amelisikia kwa Mutai kwanza.

Juni ikapita. Julai mkaguzi wa zamani akastaafu. Kiprono alimwandikia Mutai, na alama mbili zikageuka buluu bila jibu. Akaandika tena. Wiki ya tatu akapiga simu, ikaitikiwa na mtu mwingine.

"Injinia yuko kwa mkutano. Nani anamtafuta?"

"Ni Kiprono, wa Doha. Wewe ni nani?"

"Naitwa Kiprop. Mimi ndio mkaguzi."

Alikuwa na sauti changa, sauti ya mtu anayetafuna kitu. Kiprono alimjua baadaye kwa kuuliza huku na huku: ndugu wa mke wa Mutai, aliyesomea kompyuta miezi sita mjini na hakuwahi kushika futi. Kwa siku kadhaa Kiprono alisahau kumwonea wivu Mutai. Alimwonea Kiprop. Akiwa kwenye foleni ya choo, akiwa ndani ya basi, alimwona akizungusha kalamu vidoleni, na alimchukia kwa chuki ambayo hakuwahi kumpa mtu aliyemkosea kweli.

Hakumwambia Phyllis chochote. Ndama aliuzwa.

*

Agosti kazi ilianza alfajiri ili wawahi kuondoka kabla ya jua kali. Saa moja na nusu asubuhi wakawa wanangoja lori la pili la lami, na simu ya Kiprono ikalia. Phyllis hakuwa na kawaida ya kupiga saa hiyo.

"Baba Cheryl, niko Chemaluk, tuko wengi." Nyuma yake kulikuwa na kelele za wanawake na mlio wa mitungi ya bati. "Lori ya maziwa imesema haitatungoja tena. Kuanzia wiki ijayo wanaacha kuchukua maziwa ya Kiptolel, wanasema tunachelewa na yanafika yameharibika."

"Pole, Mama Cheryl."

"Ngoja, sijamaliza. Jana kikundi chetu cha maziwa kilinituma kwa ofisi ya kaunti na wenzangu wawili. Tukaomba tu greda ipite mara moja, ijaze yale mashimo. Hatukuomba kitu kikubwa. Kijana wa pale ofisini akafungua kompyuta, akaangalia, akaniambia, mama, greda ni ya barabara za murram. Yenu ni ya lami."

Kiprono aliiweka reki chini.

"Nikamwambia, kijana, mimi nimetoka huko sasa hivi, tazama miguu yangu. Akanigeuzia hiyo kompyuta. Kumeandikwa Chemaluk hadi Kiptolel, kilomita kumi na moja, imekamilika. Anasema kwa mfuko wa Nairobi barabara ikishaandikwa hivyo, haiwezi kupewa pesa tena mpaka miaka kumi ipite. Hata ya greda. Hata ya daraja pale mtoni. Miaka kumi, Baba Cheryl! Cheryl atakuwa ameolewa."

"Mutai anasema nini?"

"Mutai amehamishiwa Nairobi. Alipandishwa." Alisema hilo haraka, kama jambo lisilo na maana, na Kiprono akalihisi likizama ndani yake polepole. "Sasa sikia. Kuna picha. Ishirini. Barabara nyeusi, nzuri, mpaka mtu amepima na futi. Loice, mmoja wa wale wenzangu, alizipiga kutoka kwa kompyuta na simu yake, huyo kijana akiwa anaongea. Hizo picha si za kwetu. Tumekubaliana tuandike barua Nairobi, tusaini wote, tuko thelathini na wanne. Lakini hatujui kuandika mambo ya barabara. Nikawaambia mzee wangu ndiye alisomea hiyo kazi, na alifukuzwa kwa kukataa uongo. Wamefurahi sana. Utatuandikia?"

Lori la lami lilikuwa limefika. Lilirudi nyuma likipiga king'ora, fomeni akipunga mkono. Mashine ikaanza kunguruma.

"Utatuandikia?" Phyllis alirudia. "Nakutumia hizo picha. Wewe ni mtu wa barabara, ukiziangalia utajua ni za wapi."

"Nani alisaini cheti?" Kiprono aliuliza.

"Eh?"

"Hicho cheti. Ni Kiprop alisaini?"

"Sasa hiyo inatusaidia nini? Mimi nakuuliza picha." Akasita. "Ni nini hiyo inanguruma?"

"Ni mashine. Tunaanza kazi."

"Ni lami? Mnaweka sasa hivi?" Alizungumza na wenzake pembeni, kisha sauti nyingine za wanawake zikaingia kwenye simu, zikimsalimu, zikimwita shemeji, zikimwita baba. "Wanasema uwashe video. Hawajawahi kuona vile inawekwa. Onesha kidogo tu, tuko hapa hatuna kazi, maziwa yameshaharibika."

Philipo alikuwa ameshaingia nyuma ya mashine na reki yake. Alimwita kwa kichwa. Kiprono alibonyeza kioo cha simu.

Wakatokea wakiwa wamebanana, nyuso saba au nane chini ya mwavuli mmoja, vitambaa vimelowa, na nyuma yao ardhi nyekundu iliyochimbwa na matairi mpaka ikafanana na shamba lililolimwa. Phyllis alikuwa katikati. Mkono mmoja ulikuwa bado umefungwa kitambaa.

Kiprono aligeuza simu. Lami ilimwagika mbele ya mashine, nyeusi na yenye kung'aa, ikatandazwa sawa kwa upana wa barabara nzima, na roli ikaja nyuma yake taratibu. Kule Chemaluk wanawake walisogelea kioo. Mmoja alisema kwa lugha ya kwao, pole pole, kwamba watu wengine Mungu aliwaumba siku ya Jumapili. Mwingine akauliza kama hiyo ya zamani ilikuwa mbovu sana. Kiprono akasema hapana, haikuwa mbovu.

"Rudi pale kwa ukingo," sauti ya Phyllis ilisema.

Akarudisha simu kwenye ukingo, mahali lami ilipokatika wima juu ya tabaka la chini.

"Loice, leta simu yako," Phyllis alimwambia mtu. Kulikuwa na mvua kwenye laini, na pumzi zake, karibu sana. "Leta hiyo picha ya futi." Akaishika simu ya Loice kando ya ile yake, macho yakienda kwa hii na kwa ile. Fomeni alikuwa akiita jina la Kiprono kwa mara ya tatu.

"Sogeza simu karibu," Phyllis alisema.

Akaisogeza.

"Karibu zaidi."